Mafuta ya Nazi na Gobore la Babu

Binamu yangu ana tabia ya kunitumia sauti saa tisa za usiku. Anajua fika kwamba kati ya Minnesota na Mtwara, majira yao ya baridi, zinapita saa tisa nzima, ila akishatoka kazini jioni hilo humtoka kichwani. Ile ya mwezi wa kwanza ilikuwa ya dakika nne, na mbili za mwanzo hazikuwa na neno hata moja. Ilikuwa sauti ya chuma tu: krrr, kimya, pumzi za mtu anayekaza mkono, krrr tena, halafu tusi la Kimakonde ambalo sitaliandika kwa sababu shangazi yangu, mama yake, husoma ninachoandika.

Alikuwa amenunua bastola. Si hii ya kuingiza risasi. Ni bastola ya fataki, nakala ya ile ya Samuel Colt ya mwaka 1851, iliyotengenezwa upya Italia, kwenye bonde la Val Trompia karibu na Brescia. Huko watu wamefua silaha kwa karne nyingi, na siku hizi wana soko zuri la Wamarekani wanaopenda kulenga shabaha kwa baruti ya moshi kama mababu zao. Silinda ina matundu sita. Kila tundu unalitilia baruti, unashindilia goroli ya madini ya risasi, na kwa nyuma unavalisha fataki, kijikofia cha shaba kidogo kama punje ya mbaazi. Nyundo ikikigonga kinalipuka, na moto unapenya kwenye kitundu hadi kwenye baruti. Mtu yeyote aliyekulia Newala ataona nilichokiona mimi nilipotumiwa picha: hilo ni gobore. Limefupishwa, likapewa matundu sita, lakini ni gobore.

"Nyundo haivutiki, kaka," alisema mwishoni. "Wewe si ndiye uliyekuwa unamshikia babu gobore lake? Kuna jamaa kwenye video anasema nikate springi, nipunguze kwa mashine ya kusagia. Nikate?"

Nilimjibu kwa neno moja, usikate, nikarudi kulala.

Niseme jambo moja kabla ya yote, asije mtu akasoma hapa akaenda kuchimbua urithi wa marehemu darini. Kwetu gobore linahitaji kibali, na tangu mwaka 2015 tuna sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ambayo si ya kuchezea. La babu lilikuwa na kibali chake, kimekunjwa mara nne ndani ya kopo la maziwa ya unga. Alipofariki, baba na baba mdogo walilipeleka polisi wakalikabidhi. Kwa binamu yangu mambo ni tofauti: sheria yao kuu ya silaha ya mwaka 1968 haizihesabu bastola za fataki za kale wala nakala zake pamoja na silaha nyingine, ingawa kila jimbo lina masharti yake. Mimi mwenyewe sijawahi kushika bastola. Ni fundi nguo, nina cherehani tatu kwenye baraza moja hapa Chikongola, Mtwara mjini, na ninachojua kuhusu chuma kinachokataa kusogea nimekipata sehemu mbili: kwenye cherehani za kukanyaga, na kwenye ule mwezi wa saba nilipomharibia babu usiku tatu za ulinzi wa mihogo.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Gobore la babu lilikuwa refu kunizidi, na ubavuni kwenye bati la mtambo palikuwa na alama ya taji iliyolika na herufi, na zilizosomeka bado ni T na W tu. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba majeshi ya Ulaya yalipohamia kwenye bunduki za kupakiwa nyuma, miaka ya 1860, bunduki zao za fataki ziliuzwa kwa wingi Afrika, na kwamba bandari hizi zetu za Mikindani, Lindi na Kilwa zilikuwa mlango mmojawapo. Livingstone alianzia Mikindani safari yake ya mwisho mwaka 1866. Mitutu ya aina hiyo imekuwa ikipanda uwanda wa Makonde tangu enzi hizo, na lile la babu, kwa umri wake, lingeweza kuwa limepita mikononi mwa mtu aliyemwona huyo mzungu akipita na ngamia zake.

Kazi yangu ilikuwa mafuta. Babu akishasafisha, mimi natia tone moja kwenye egemeo la nyundo, tone moja kwenye springi, nafuta. Kichupa cha mafuta ya cherehani kilikuwa kimekwisha. Shangazi alikuwa amekuja likizo kutoka Mtwara mjini na chupa ya mafuta ya nazi, mazuri, meupe kama maji. Nikafikiri mafuta ni mafuta. Sikutia tone moja. Nilitia mpaka yakachuruzika kwenye mti wa kitako, nikafuta, nikajisifu.

Usiku uliofuata, karibu na alfajiri, nguruwe wakaingia kwenye mihogo. Babu akavuta nyundo. Ilikuja polepole, nzito, kama mwiko kwenye ugali ulioiva. Akalenga, akafyatua, na nyundo ikashuka kama mzee anayekaa kwenye kiti. Fataki haikulia. Ilikuwa imebonyea kidogo tu. Babu aliacha mtutu ukielekea shambani kwa muda mrefu, hajasema kitu, kisha akaivua fataki. Nguruwe wakala walichotaka, na hawakuwa na haraka.

Palipokucha akafungua. Saa nne asubuhi, jua likiwa limepanda, mtambo ulikuwa laini kabisa. Akauvuta mara ishirini. Hauna kasoro. Akanitazama, akaurudisha. Usiku wa pili ukakataa tena, na asubuhi ukakubali tena. Mtu mwingine angesema kuna mkono wa mtu, na bibi kwa kweli alisema. Babu hakubisha wala hakukubali. Alichofanya ni kuuliza swali ambalo sikulielewa wakati ule: "Nani aligusa hiki chuma mara ya mwisho, na kwa nini?" Nikataja chupa. Akachukua kifuniko cha soda, akakitilia mafuta yale ya nazi, akakiweka nje juu ya kinu. Usiku wa tatu hakwenda shambani. Alfajiri alinishika sikio, taratibu tu, akanipeleka kwenye kinu. Kifuniko kilikuwa kimejaa kitu cheupe kigumu kama nta ya mshumaa.

Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Mtwara mjini, pwani, hilo ni rahisi kulisahau. Juu Newala, mwezi wa saba, unalijua kila asubuhi.

Akaukosha mtambo wote kwa maji ya moto. Hapo ndipo bibi alipopandisha sauti, na alikuwa na haki. Uwanda uko juu, maji yako chini bondeni, na miaka ile ndoo ya maji ilikuwa safari ya kuanza gizani. Sufuria nzima kwa ajili ya bunduki! Lakini babu alikuwa na msimamo juu ya maji ambao hata wanajeshi wastaafu pale kijijini waliubishia. Wao walisema chuma na maji ni maadui, safisha kwa mafuta ya taa. Yeye alisema: onja. Akachovya kidole kwenye masizi ya mtutu, akakiweka kwenye ulimi wangu. Chumvi.

Ni kweli ni chumvi. Baruti nyeusi ni shura (chumvi ya potasiamu), makaa na salfa, na ikiungua zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki kuwa hewa. Inabaki kitu kigumu, kingine kikipaa kama moshi mweupe, kingine kikijipaka ndani ya chuma. Mabaki hayo yamejaa chumvichumvi za potasiamu, yanavuta unyevu wa hewa, na zile fataki za zamani ziliongeza chumvi yao. Mafuta hayayeyushi chumvi. Unaweza kuipaka mafuta ya taa hadi kiama, itakaa chini yake ikila chuma kama upepo wa bahari unavyokula mabati ya Shangani, mtaa wetu wa pwani. Maji ndiyo huiondoa, na yawe ya moto ili chuma chenyewe kijikaushe kabla kutu haijapata nafasi. Baada ya hapo ndipo mafuta, tone.

Basi asubuhi ile ya mwezi wa kwanza, kati ya sketi moja ya shule na nyingine (wenye watoto wa darasa la kwanza mnajua foleni ya mwezi huo), nilianza kumtibu binamu yangu kwa simu.

Jambo la kwanza halikuwa la ufundi. Nilimwambia asifanye lolote mpaka avue fataki zote, halafu apitishe kijiti kwenye kila tundu kuhakikisha hamna baruti wala goroli. Alinijibu kwamba anajua iko tupu. Nikamwambia na mimi najua pasi yangu imezimwa, na bado huigusa kwa kidole kilicholowa. Akapitisha penseli. Ilikuwa tupu.

La pili lilikuwa kumtuliza. Katika malalamiko yake, moja halikuwa ugonjwa. Alisema silinda haizunguki kabisa nyundo ikiwa imelala. Haitakiwi kuzunguka. Chini yake kuna komeo dogo linaloingia kwenye vijishimo vya silinda kuishikilia. Ukivuta nyundo nusu, komeo linashuka na silinda inakuwa huru kwa ajili ya kupakia. Alikuwa ameilazimisha kwa mkono siku mbili. Niliomba Mungu komeo liwe limesalimika.

Sasa tatizo lenyewe. Kuvuta nyundo ya bastola ile ni kufanya kazi nne kwa mkupuo mmoja. Unapinda springi kubwa iliyo ndani ya mpini. Unainua mkono mdogo unaosukuma silinda hatua moja. Unashusha komeo na kuliacha lirudi kwenye kishimo kinachofuata. Na mwishoni jino la kifyatulio linaingia kwenye pengo la nyundo na kuishikilia. Ugumu unausikia kwenye kidole gumba, lakini kidole gumba hakijui ni ipi kati ya nne inayolalamika. Jamaa wa kwenye video alikuwa ameshaihukumu springi kwa sababu ndiyo inayoonekana kuwa na nguvu. Ni sawa na mteja anayeniletea cherehani na kusema mota imekufa, na cherehani yenyewe ya kukanyaga.

Kwenye cherehani ya kukanyaga huwa naanza kwa kuvua mkanda. Nikizungusha gurudumu la juu na likateleza, kichwa ni kizima, shida iko miguuni. Likigoma, miguu naiacha kabisa. Nusu ya mashine imekwisha kujieleza kabla sijashika bisibisi. Nilimwambia afanye hivyo hivyo. Mtutu wa bastola hizi za Colt hushikwa na kabari moja inayopita ubavuni na kukatiza mhimili ambao silinda huuzungukia. Aitoe kabari, atoe mtutu, atoe silinda, kisha avute nyundo peke yake. Akatoa. Ilikuwa ngumu vile vile. Kwa hiyo silinda na mtutu vilikuwa havina hatia, au tuseme havikuwa na hatia siku ile.

"Nifungue ndani?"

"Una bisibisi gani?"

Alinitumia picha. Ilikuwa ile nene ya kufungulia makopo ya rangi. Skrubu za silaha hizo zina mfereji mwembamba, na bisibisi isiyojaa mfereji huutafuna mdomo wake ukabaki kama karafuu. Nilimshauri asubiri Jumamosi, anunue ya kufaa au asage moja ilingane, na apige picha kila anapotoa kitu. Alisubiri, jambo lililonishangaza, maana tangu utotoni hajui kusubiri hata embe.

Jumamosi yao usiku, Jumapili yetu asubuhi, alilegeza springi kubwa akaitoa kabisa. Hapa ndipo palipoamua kesi. Nikamwambia ainue nyundo huku amebana kifyatulio, kisha aiachie, bila springi. Nyundo isiyo na springi inatakiwa ianguke kwa uzito wake, tep. Yake ilibaki imening'inia hewani kama mguu wa kinyonga. Springi ilikuwa mezani, na ugumu ulikuwa bado uko kwenye bastola. Angeikata angepata nyundo dhaifu yenye ugumu ule ule, na kwenye silaha za fataki nyundo dhaifu ni balaa: ama fataki hailii, ama inalia na mabaki yake yanarudishwa nyuma na moto kuingia kwenye mtambo.

Na ndicho alichokikuta. Chini kabisa kwenye mfereji ambamo nyundo hupita kulikuwa na kipande cha shaba kimebanwa bapa, kama ganda la dengu. Mwenye bastola wa kwanza alikuwa amepiga, fataki ikapasuka, kipande kikadondoka ndani wakati nyundo iko juu. Ni ugonjwa wa kale wa Colt hizi. Mfereji uko wazi, na vipande havina pengine pa kwenda. Alikitoa kwa kibano cha nyusi cha mkewe.

Lakini kipande kimoja kisingeweza kushikilia nyundo hewani. Picha ya pili ilionyesha kitu cheupe chenye umanjano kimejaa kila pembe, kuzunguka mkono mdogo, chini ya komeo, kwenye egemeo la kifyatulio. Nilidhani ni grisi ya kiwandani. Nakala mpya hutoka Italia zimepakwa mafuta mazito ya kuzuia kutu. Ila hii ilikuwa nyeupe mno. Nikamuuliza bastola anaiweka wapi. Gereji. Ina hita? Haina. Nje theluji? Mpaka dirishani.

"Nusa," nikamwambia.

Kimya kirefu. Kisha: "Inanukia kama kichwa cha mama."

Shangazi, nisamehe. Anamtumia chupa za mafuta ya nazi kwa kila msafiri anayekubali kubeba, na binamu yangu alikuwa amesoma kwamba kwa baruti nyeusi watu huepuka mafuta ya madini, kwani yakichanganyika na masizi hugeuka kitu kama lami, hivyo hutumia mafuta ya mimea au ya wanyama. Hawajakosea, kwa ndani ya mtutu na mbele ya silinda ni ushauri mzuri. Yeye akayamimina hadi kwenye mtambo, mwezi wa nane, wakati kwao ni joto na kila kitu kinateleza. Mwezi wa kwanza ukafika.

Nilicheka mpaka mteja akaweka chini sketi. Halafu nikamsimulia kisa cha kifuniko cha soda. Hakuwa na habari nacho. Mwaka ule alikuwa amebaki mjini na baba yake. Miaka yote hii nimeamini ukoo mzima unakijua.

Kuosha kulikuwa rahisi. Mpini wa mti pembeni, vyuma kwenye beseni la maji ya moto na sabuni ya vyombo, mswaki mzee, maji mengine ya kusuuzia, kisha mashine ya kukaushia nywele. Tone la mafuta mepesi ya mashine kwenye kila egemeo, na mengine yote yafutwe. Alirudisha kila kitu kwa kufuata picha zake kinyumenyume, akanitumia sauti ya nyundo. Ilikuwa imefunguka.

Siku mbili baadaye, saa tisa za usiku, krrr. Safari hii nyundo ilikuwa nyepesi kwa robo ya kwanza tu, kisha ikakwama silinda ilipotakiwa kuanza kuzunguka. Aliapa hajagusa mafuta. Nikamwomba picha ya ubavuni. Kabari ilikuwa imezama mpaka imelingana na chuma. Alikuwa ameirudisha kwa nyundo ya kugongea misumari, "ili mtutu usichezecheze."

Hilo nalo lina maelezo yake. Kwenye bastola za asili za Colt, ncha ya mhimili hufika mwisho wa tundu lake kwenye mtutu, kwa hiyo hata ukikaza kabari, mtutu una pa kukomea. Kwenye nakala nyingi mhimili haufiki mwisho, na kabari ndiyo inayoamua mtutu ukae karibu kiasi gani na silinda. Kila ukigonga, mtutu unarudi nyuma, mpaka uso wake unasugua uso wa silinda. Nilimwambia airudishe kabari nyuma kwa kugonga kidogo kidogo na kitu cha mti, huku akizungusha silinda nyundo ikiwa nusu, aache mahali ambapo kipande cha karatasi kinapita bila kung'ang'ania. Ile silinda niliyoiondolea hatia siku ya kwanza ilikuwa imeshitakiwa Jumanne kwa kosa la mwenye mkono.

Sauti ya mwisho ilifika mchana kwa mara ya kwanza; labda amejifunza kuhesabu saa. Sekunde kumi na moja, hamna neno, chuma tu kikienda na kurudi, ta-ta-tak, ta-ta-tak. Nikaiweka kwenye spika nikiwa nashona. Fundi mwenzangu wa cherehani ya pili aliinua kichwa, akasikiliza mpaka ikaisha, akaniuliza hiyo ni cherehani ya nani, na kama inauzwa.